Puto Dogo na Puto Kubwa

Yapo maneno ambayo watu huyasema kwa nia ya kufunga mazungumzo, na mojawapo ni hili: "Ndivyo dunia ilivyo, mwenye nacho huongezewa." Si matajiri tu wanaolisema neno hili. Nimelisikia kwa mchuuzi wa dagaa aliyenyimwa mkopo kwa sababu hakuwa na nyumba ya kuweka rehani, ilhali jirani yake mwenye nyumba tatu alipewa siku hiyohiyo. Nimelisikia kwenye vibaraza vya kahawa, na nimelisikia misibani. Kila linaposemwa watu hutikisa vichwa, kikombe kikarudishwa chini, mazungumzo yakahamia mambo mengine. Maana iliyojificha ndani yake ni kwamba tofauti baina ya aliyejaliwa na aliyepungukiwa haihusu haki wala dhuluma, ni jambo la maumbile, kama maji kuteremkia bondeni. Na kwa kuwa hakuna awezaye kuyashitaki maji, basi hakuna wa kushitakiwa.

Swali langu katika kurasa hizi ni kama kweli maumbile yamekwisha kutoa hukumu hiyo. Kwa kuwa wasemao hivyo huyataja maumbile kuwa ndiye shahidi wao, nimeona ni vema tumwite shahidi huyo na kumhoji, tena kwa kitu ambacho hakuna asiyekijua: puto la mpira, lile ambalo watoto wetu huliita pulizo.

Wasomi nao wamelishughulikia neno hili. Mwaka 1968 Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika makala kuonyesha kwamba hata katika sayansi sifa humwendea yule ambaye tayari anazo. Watu wawili wakigundua jambo moja, aliye mashuhuri ndiye atakayekumbukwa. Hali hiyo aliipa jina la Mathayo, kwa ajili ya mfano wa talanta uliomo katika Injili hiyo. Sehemu kubwa ya makala ilitegemea mahojiano yaliyofanywa na mtafiti mwenzake, Harriet Zuckerman, lakini jina lililowekwa juu lilikuwa la Merton peke yake. Baadaye yeye mwenyewe aliandika kwamba makala ile ilistahili kubeba majina yote mawili. Lakini turudi kwenye puto.

Chukua maputo mawili ya namna moja, yaliyotoka katika pakiti moja. Moja lipulize mpaka liwe kiasi cha kichwa cha mtu mzima, na jingine lipulize mpaka liwe kiasi cha balungi. Yaunganishe kwa mrija, na katikati ya mrija uweke koki iliyofungwa. Sasa, kabla hujaifungua, jiulize: hewa itatoka wapi kwenda wapi?

Watu wengi niliowauliza swali hili hujibu bila kusita kwamba hewa itatoka katika puto kubwa kwenda katika dogo, mpaka yalingane. Ukiwauliza sababu watakwambia kwamba kubwa lina hewa nyingi, kwa hiyo linasukuma kwa nguvu zaidi. Ni jibu la mtu mwenye moyo wa haki, na kama tungekuwa tumeunganisha mapipa mawili ya maji yenye vina tofauti, lingekuwa sahihi. Kwa maputo haliwi hivyo. Koki ikifunguliwa, puto dogo hunywea mbele ya macho yako, na hewa yake yote isipokuwa kidogo tu huhamia katika lile kubwa, ambalo hapo huzidi kuvimba. Nimewaona watu wazima wakiomba jambo hili lirudiwe, wakidhani wamechezewa kiini macho.

Hakuna kiini macho. Kila aliyewahi kupuliza puto kwa kinywa anaijua siri yake ingawa hajaitia katika maneno. Pumzi za kwanza ni ngumu. Mashavu huuma, macho hutoka, na mtoto mdogo hushindwa kabisa akamletea baba. Kisha ghafla puto "linakubali", na kuanzia hapo hukua kwa urahisi, pumzi kwa pumzi, mpaka karibu na mwisho, ambapo mpira hukakamaa tena na mtu mwenye busara huacha. Yaani kuna kilima mwanzoni, mteremko katikati, na mlima mwingine mwishoni. Kwa hesabu za mpira mwepesi wa kawaida, kilele cha kilima cha kwanza hufikiwa upana wa puto unapozidi ule wa mwanzo kwa asilimia 38 hivi. Ni mapema mno! Puto bado ni dogo, na tayari limeshapita mahali pagumu.

Sababu ya mteremko ni hii. Mgandamizo ulio ndani ya puto (walimu wa fizikia huuita kanieneo) hautegemei tu jinsi mpira unavyovuta, hutegemea pia jinsi uso wake ulivyopinda. Mfikirie mtu anayefunga mzigo mwembamba wa kuni kwa kamba, akaivuta kwa nguvu zake zote. Kamba itazibana kuni mpaka zilie. Kamba hiyohiyo aizungushe kwenye pipa kubwa na kuivuta kwa nguvu zilezile, haitalibana pipa kwa kiasi kile, kwa sababu nguvu yake imetawanyika juu ya uso mpana usiopinda sana. Ndivyo ilivyo kwa ngozi ya puto. Kadiri linavyokua, ngozi huzidi kuwa nyembamba na mpindo wake huzidi kupungua, hata mgandamizo unashuka ingawa hewa imeongezeka. Mwaka 1891 Arnulph Mallock aliandika taarifa katika kumbukumbu za chama cha kifalme cha sayansi cha London juu ya kutotulia huku kwa mirija na maputo ya mpira yanapojazwa, kwa hiyo si habari ngeni. Maputo ya mpira yenyewe yalikuwapo tangu mwaka 1824, Michael Faraday alipoyatengeneza kwa ajili ya majaribio yake ya gesi ya haidrojeni.

Haya sasa, shahidi amesema, na mtu wa kibarazani atafurahi: "Umeona? Hata mpira unajua kwamba mwenye nacho huongezewa!" Lakini shahidi hahojiwi kwa swali moja. Mimi ningependa kwanza kumwuliza: kati ya hayo mawili, ni lipi lililokuwa likitoka jasho?

Ni lile dogo. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Tumezoea kudhani kwamba mkubwa hupata kwa sababu ya nguvu zake na mdogo hukosa kwa sababu ya ulegevu wake. Katika mrija ule mambo yako kinyume. Puto dogo ndilo linalobana hewa kwa nguvu nyingi zaidi, na ni kwa sababu ya kubana huko ndiyo maana hewa inalikimbia. Puto kubwa halivuti kitu. Limelegea, hewa inakwenda huko kwa kuwa huko kuna nafasi. Mtu aliyekwisha pita kilima, kila shilingi inayomfikia huitikia mara moja, inazaa nyingine, inaonekana. Aliye chini ya kilima hutia shilingi ileile, kwa taabu kubwa zaidi, na hakuna kinachoonekana. Ukubwa wake ni uleule wa jana. Kisha yule wa mteremkoni humwambia, tena kwa nia njema, "Fanya bidii kama mimi." Hasemi uongo juu ya bidii yake. Alitoa pumzi, na puto likakua. Ila hajui kwamba pumzi zao hazipimwi kwa mizani moja.

Swali la pili ni zito zaidi. Tuseme maputo mawili yote yamepita kilima na yako mteremkoni, na tuseme yana ukubwa uleule kabisa, hewa ileile, mpira uleule. Ukifungua koki yatabaki hivyo? Kwa hesabu, naam, yangeweza kubaki, kama vile yai linavyoweza kusimama juu ya ncha yake. Kwa kweli hayabaki. Upepo mdogo wa mlangoni, kidole kilichogusa upande mmoja, chembe ya unene wa mpira isiyoonekana, hutosha. Moja hupungua kidogo. Kwa kupungua mgandamizo wake hupanda. Kwa kupanda linasukuma hewa zaidi kwenda kwa mwenzake, nalo linazidi kupungua. Baada ya muda mfupi unaona kubwa na dogo, na mgeni akiingia chumbani wakati huo hatakuwa na njia ya kujua kwamba yalianza sawa. Atatafuta sababu iliyo kubwa kama tofauti anayoiona. Atasema lile ni imara, hili ni dhaifu.

Hapa sina budi kusema habari za nyumbani kwetu, kwa sababu sikuanza kuyawaza haya kwenye maabara.

Mimi na dada yangu tulifuatana ziwa, na kwa kuwa yeye alichelewa kuandikishwa shule tulisoma darasa moja. Tukamaliza darasa la saba pamoja na tukachaguliwa sote wawili kuendelea na sekondari za bweni. Furaha ilikuwa kubwa, na shida nayo ilikuwa kubwa, kwani kila mtoto alitakiwa aende na sanduku la bati, godoro, sare mbili na nauli, na baba alikuwa ameuza kahawa yote. Wiki ileile bibi yetu aliugua kijiji cha pili, na dada, kwa kuwa ni msichana, ndiye aliyepelekwa kumwuguza. Siku tatu baadaye mjomba wetu akafika kutoka mjini bila taarifa, akiwa na fedha mfukoni, akanikuta mimi uani napasua kuni. Akauliza, "Huyu ndiye aliyechaguliwa?" Mama akajibu kwamba ni mimi na dada yangu. Mjomba akasema basi tuanze na huyu aliyepo. Sanduku lilinunuliwa jioni ile. Kwa dada ilisemwa kwamba zamu yake itafika mwakani.

Hakuna aliyemdhulumu. Ndivyo walivyosema wazee wakati ule, na hata leo siwezi kumtaja mtu mmoja aliyekusudia mabaya. Mwakani ilipofika mimi nilihitaji vitabu, na ilionekana ni busara kuongezea pale ambapo fedha imekwisha kutiwa, kuliko kuanza upya. Mwaka wa tatu dada alikuwa ameolewa. Leo mimi ninalipwa pensheni na yeye anauza maandazi, na vijana wa ukoo wanapotuona pamoja kwenye sherehe hupata maelezo ambayo ni makubwa kama tofauti iliyopo: babu alikuwa na akili za darasani, bibi hakuzipenda shule. Nimewasahihisha mara kadhaa. Wanasikiliza kwa adabu, lakini naona hawaamini. Kidole kilichogusa puto hakionekani tena, kinachoonekana ni maputo.

Dada mwenyewe hapendi mazungumzo haya. Aliwahi kuniambia, "Kaka, usinifanye hadithi." Kwa hiyo nitasema jambo moja zaidi tu juu yake na kuendelea: darasani alikuwa akinishinda hesabu.

Kuna jambo jingine katika jaribio lile ambalo halitajwi sana. Hewa haihami mpaka puto dogo liwe tupu kabisa. Hufika mahali ikatulia, moja likiwa limejaa na jingine likiwa limesinyaa likiwa na hewa kidogo tumboni. Ukiweka kipimo kwenye mrija wakati huo, utakuta mgandamizo wa pande zote mbili ni sawasawa. Hakuna anayemsukuma mwenziwe. Kwa macho ya kipimo, amani imepatikana na usawa umetimia. Mimi hukumbuka kipimo hicho kila ninaposikia ikisemwa kwamba bei imekubalika baina ya mnunuzi na muuzaji, au kwamba kijiji kimetulia, au kwamba ndoa fulani haina ugomvi. Yawezekana ni kweli. Yawezekana pia kwamba mmoja amekwisha nywea kiasi kwamba hana tena cha kusukumia.

Wengine hujibu hoja hizi kwa kusema, vumilieni, wa kwanza wakishajaa neema itawafikia na wengine. Hata hili puto lina neno juu yake. Ingo Müller na wenzake wa Berlin walitoa mwaka 1982 uchunguzi wa maputo mengi yaliyounganishwa pamoja. Ukiyajaza maputo mengi kwa mrija mmoja, hayakui kwa pamoja. Yote hupanda kilima taratibu, kisha moja hutoroka, likavimba peke yake, na mengine hurudi nyuma kidogo kwa kuwa mgandamizo umeshuka. Ukiendelea kupuliza, lile la kwanza hufika kwenye mlima wa mwisho, mpira wake hukakamaa, mgandamizo hupanda tena, ndipo la pili linapata zamu yake. Kwa hiyo wanaotuambia tungoje zamu hawakosi kabisa. Ila wameacha sharti moja: zamu huja kwa sababu mpira una mwisho. La kwanza hukataa kupokea zaidi, liwe linataka au halitaki. Sijawahi kukutana na mtu ambaye ngozi ya mfuko wake imekakamaa kwa namna hiyo.

Sisi tuliolelewa Tanzania tunalo jambo la kukumbuka hapa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, nyumba za kupangisha na hisa katika makampuni. Mwaka 1991 huko Zanzibar masharti hayo yalilegezwa. Wanaosifu zamani husema tulikuwa sawa. Wanaoiponda husema tulikuwa sawa katika kukosa. Nikitazama maputo naona kila upande umeshika kipande cha ukweli. Chini ya kilima usawa ni rahisi: ukiunganisha maputo mawili madogo mno, ambayo hayajafika kwenye kilele, hewa hutoka katika lenye nyingi kwenda katika lenye chache, na yanalingana yenyewe bila mtu kuyashika. Juu kabisa, kwenye mlima wa mwisho, usawa nao unarudi kuwa rahisi. Penye hatari ni katikati, pale mambo yanapoanza kwenda vizuri. Familia huwa na amani ilipokuwa haina kitu, kisha hupasuka mwaka ule shamba linapopata bei. Watu hushangaa na kumtafuta mchawi.

Je, basi suluhisho ni kila mtu abaki mdogo? Hapana, na hapa nawaacha wale wanaolilia zamani. Nenda kwa fundi baiskeli aliye chini ya mwembe au kwenye kona ya soko. Akitaka kujua tundu liko wapi, huitoa tyubu nje ya tairi, huijaza upepo na kuitumbukiza katika beseni la maji. Akitia upepo mwingi wakati tyubu iko nje, utaona mahali pamoja panavimba kama nyoka aliyemeza yai, na sehemu iliyobaki inakaa nyembamba vilevile. Fundi hatii pampu zaidi, kwa sababu anajua kila pumzi itakwenda kwenye uvimbe huo mpaka upasuke. Kisha anaziba tundu, anairudisha tyubu ileile ndani ya tairi, na anatia upepo mara nyingi kupita ule wa kwanza, mpaka baiskeli inabeba gunia la mkaa. Tyubu haikubadilika tabia. Kilichobadilika ni kwamba kila upande unaojaribu kuvimba peke yake unakutana na ukuta, na upepo unalazimika kwenda kwa wenzake. Tairi halikuipunguzia tyubu upepo, liliiwezesha kuubeba.

Nimewaza sana juu ya tairi. Zaka, mirathi iliyogawanywa kwa kanuni, kodi inayopanda kwa mwenye kingi, mzee anayesema kwenye kikao kwamba mwaka huu si zamu yako: zote hizi watu huziona kama breki. Mwenye uvimbe huona anaonewa. Kwake ukuta ule ni adui wa kukua kwake, na kwa mtazamo wake mfupi hakosei.

Lakini mtu wa kibarazani hajashindwa bado. Atasema: tairi ni kazi ya binadamu, maumbile yenyewe yamempendelea mkubwa. Basi na tumpeleke mahali ambapo mkono wa binadamu haukutengeneza kitu, ndani ya kifua chake mwenyewe.

Mapafu yana vifuko vya hewa kwa mamia ya milioni, vidogo sana, na kila kimoja ndani kina unyevu. Uso wa maji huvuta kama ngozi ya mpira. Vifuko havilingani ukubwa, na vyote vimeunganishwa kwa mirija. Kwa sheria ileile ya mpindo, vifuko vidogo vilipaswa kusukuma hewa yao yote kwenda katika vikubwa na kunywea, na mtu asingeweza kuishi. Mwaka 1929 Kurt von Neergaard wa Uswisi alipima mapafu yaliyojazwa maji na yaliyojazwa hewa, akagundua kwamba sehemu kubwa ya mvuto wa mapafu hutokana na uso huo wa unyevu. Ilichukua miaka mingi kueleweka kwa nini hatuangamii. Mwili hutengeneza utando laini, wenye tabia kama ya sabuni, unaotandazwa juu ya unyevu na kuupunguzia mvuto. Na utando huo una tabia ya ajabu: kifuko kinapopungua, utando hukusanyika na kuwa mzito, ukazidi kupunguza mvuto, kinapopanuka, hutawanyika na nguvu yake kupungua. Kwa maneno mengine, kadiri kifuko kinavyonywea ndivyo kinavyopata nafuu kubwa zaidi. Licha ya hayo, vifuko havikai mbalimbali kama maputo ya sherehe. Vinapakana na kushirikiana kuta, hata kimoja kikitaka kusinyaa majirani zake hukivuta kutoka pande zote.

Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead, huko Boston, walionyesha kwamba watoto waliozaliwa kabla ya wakati na kufa kwa kushindwa kupumua walipungukiwa na utando huu. Mwezi wa Agosti 1963 mtoto Patrick, wa Rais Kennedy wa Marekani, alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya siku zake, na akafa kwa ugonjwa huo akiwa hajatimiza siku mbili. Baba yake alikuwa na mamlaka kuliko karibu kila mtu duniani. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani na wenzake walitoa habari za watoto njiti kumi waliotiwa mapafuni utando uliotengenezwa kutokana na mapafu ya ng'ombe, na tangu hapo tiba hiyo imeenea hospitali nyingi.

Nisieleweke vibaya. Pafu si taifa, wala mimi si puto. Mtu anayetaka kupata sheria za jamii kutoka katika mpira atapata sheria yoyote aitakayo, na mwenzake atamletea pafu, na wa tatu atamletea simba na swala. Nilimwita shahidi huyu kwa kuwa upande wa pili ulimwita kwanza. Nimeona tu kwamba alipohojiwa hakusema walichodai amesema. Sheria ya mpindo ni moja, kwenye puto na kwenye kifua. Katika moja inamnyonya mdogo, katika kingine kimewekwa kitu kati, na watu wanapumua. Sioni hukumu hapo. Naona kazi, ama imefanywa ama haijafanywa.

Ukoo wetu una mfuko wa elimu, na kila nyumba huchangia baada ya mavuno. Kanuni yetu kwa miaka mingi imekuwa kumpa yule aliyefika mbali zaidi, ili fedha isipotee. Safari hii wapo wawili. Kijana wangu wa mwisho anataka kwenda kuchukua shahada ya pili. Mjukuu wa dada yangu, binti wa miaka kumi na saba, anataka cherehani na ada ya miezi tisa ya chuo cha ufundi. Fedha zilizopo zinatosha mmoja. Nilisimama nikapendekeza kanuni ibadilishwe, kwamba wa kwanza kufikiriwa awe yule ambaye hajavuka. Nilizungumza dhidi ya mtoto wangu, na nyumbani bado sijasamehewa sawasawa. Shangazi yetu mkubwa alinipinga, na hoja yake si nyepesi. Alisema tukiwapa wanaoanza kidogo kidogo, tutakuwa na kumi wasiofika popote, kumbe mmoja akifika atawavuta wengine. Nikamwuliza ni wangapi nimewavuta mimi. Akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa haki kabisa, akafika wanne. Dada yangu alikuwa amekaa mkekani karibu naye, akichambua mchele wa chakula cha mchana, naye hakutia neno.

Kikao kimeahirishwa. Tutakutana tena kahawa ikishauzwa, na mhasibu wa mfuko ameagizwa alete bei ya cherehani mpya na ya iliyotumika, pamoja na barua ya chuo cha kijana inayoonyesha kama ada yaweza kulipwa kwa awamu.